Kitabu Kimepokelewa

Yasinta alipapasa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya debe la unga wa uwele, pale pale anapokificha kitabu ili mwanawe Asnath asikichane. Mkono ukarudi mtupu. Akavuta kigoda, akapanda, akachungulia. Hata vumbi halikuwepo. Mtu alikuwa amepafuta.

"Shangazi," aliita akiwa mlangoni, "kitabu changu hujakiona?"

Uani, shangazi Dorika alikuwa anapeta uwele. Upepo wa Juni ulikuwa unamsaidia kazi, unayachukua makapi na kuyatupa hadi kwenye ua wa minyaa. Hakugeuka.

"Kitabu chako kipi?"

"Cha maktaba. Kile cha maziwa na mabonde. Leo Jumamosi, natakiwa kukirudisha."

"Ukirudishe kwa nani?"

"Kwa mwenyewe, kaka Chediel."

Ungo ulitulia. Dorika, dada mkubwa wa marehemu baba yake Yasinta, alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na watu wa pale Ilongero walijua kwamba akinyamaza kuna jambo. Alimtazama binti wa mdogo wake kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kama mtu anayempima nguo.

"Hicho hakirudi," alisema. "Kimepokelewa."

"Kimepokelewa na nani?"

"Na baba yako mdogo. Kiko sandukuni kwake, chini ya koti la harusi. Amekifunga na kufuli."

Yasinta aliegemea mwimo wa mlango. Baba mdogo Zefania ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Alikuwa mzee mpole, wa redio na ng'ombe, na tangu Yasinta amjue hajawahi kumwona akishika kitabu kingine zaidi ya kile cha nyimbo kanisani.

"Shangazi, kitabu cha kuazima kinapokelewaje?"

"Nani kakwambia ni cha kuazima?" Dorika aliweka ungo chini, akaanza kuhesabia kwenye vidole. "Siku ile ulikuwa shamba. Anakuja Winfrida, dada yake Chediel, amevaa nguo za Jumapili siku ya Jumanne. Anapiga goti. Ananipa mimi, shangazi yako, kwa mikono miwili. Kitu kimefungwa kwenye kitenge kipya ambacho hakijaguswa na maji. Namuuliza, unadai nini? Anasema, kaka kasema ni cha Yasinta, hadai kitu. Sasa wewe uliyesoma niambie. Mwanaume ambaye hajaoa anamtuma dada yake kwa shangazi wa msichana, na kitu kimefungwa kwenye kitenge, na hadai. Hicho kinaitwaje?"

Yasinta alikanyaga makapi, akasogea karibu.

"Kinaitwa kishika uchumba," Dorika alijijibu. "Baba yako mdogo alikuwa Mitundu kwenye msiba, nikakuachia ukichezee. Juzi amerudi, nimemweleza, amekiweka panapostahili."

"Na kitenge kiko wapi?"

Dorika alivuta pindo la nguo aliyojifunga kiunoni. Kilikuwa kitenge cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa, ambacho Yasinta alikuwa amekisifia siku zote hizo bila kuuliza kimetoka wapi.

"Hii ni haki ya shangazi," alisema bila aibu. "Na sisi hatukunyamaza. Winfrida hakuondoka mikono mitupu. Nilimpa yule tetea mwekundu."

"Si uliniambia kachukuliwa na kicheche?"

"Ningekwambia nini? Ungeanza maswali yako. Nilisubiri tusikie kama amemla. Wakamla. Akishaliwa kuku, maneno yameshikana."

Kama isingekuwa jambo lenyewe linamhusu yeye, Yasinta angecheka mpaka akae chini.

Chediel Mughwai alikuwa na mashine ya kukamua alizeti kandokando ya barabara ya kwenda mjini. Watu walimjua kwa mafuta mazuri na kwa ugonjwa mmoja: vitabu. Alianza akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, anaokota karatasi ambazo wenye maduka walifungia karanga, anazipanga na kuzishona kwa uzi wa gunia. Alipokua, wenzake walirudi kutoka mnadani na mbuzi, yeye akarudi na boksi la vitabu vya mtu aliyehama. Wasichana waliotajwa kwake waliolewa na wengine, wakazaa, yeye yuko pale pale anapanga. Mama yake alikuwa akisema kwamba aliomba Mungu ampe mkwe, akapewa maboksi.

Halafu mwaka jana, baada ya msimu, Chediel alitoa magunia yote kwenye stoo yake, akapaka kuta chokaa, akagongelea mbao, akapanga vitabu vya maisha yake yote. Juu ya mlango akaandika kwa rangi ya kijani: MAKTABA YA BURE.

Hilo neno ndilo lililomponza. Alimaanisha mtu asilipe. Ilongero nzima ikasoma vingine. "Maktaba ya bure, ya mtu wa bure," alisema Dorika siku ya kwanza, na msemo ukapita kila kisima. Wengine wakasema hakuna mtu anayetoa kitu asichokidai, lazima kuna anachokitafuta. Kwa wiki nyingi walioingia mle ndani walikuwa kuku tu, wakitafuta alizeti iliyosalia kwenye nyufa.

Yasinta aliingia kwa sababu ya swali. Alikuwa amekatiza shule zamani, na sasa alikuwa amerudi kwenye darasa la jioni la watu wazima, Asnath mgongoni. Alikuwa amemuuliza mwalimu kwa nini maji ya ziwa Singidani yana chumvi wakati bahari iko mbali. Mwalimu akamwambia hilo halimo kwenye mtihani. Basi akalipeleka kwa Chediel. Naye hakumjibu. Alivua miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akamtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa ugenini, akasema, "Hilo nami nilijiuliza nikichunga. Jibu ninalo, lakini sikupi. Soma, halafu uje uniambie wewe."

Siku hiyo mtoto alikuwa amelala mgongoni na mikono ya Yasinta imeshika kapu la mboga na daftari. "Nitakutumia," Chediel alisema. Ndiyo akatuma.

Na kwa nini kwenye kitenge? Hilo ndilo lililomkwama Yasinta kooni. Aliwahi kuona vitabu vya wenzake wawili wa darasa la jioni. Vilifungwa kwenye vipande vya mfuko wa sandarusi, ili mafuta yasiviharibu. Vyote.

"Shangazi, na nikikirudisha?"

"Ukikirudisha tumemkataa." Dorika alichukua tena ungo. "Na wale wa Antipasi wa Ihanja wanakuja kesho baada ya kanisa kuleta posa. Mimi sikufichi, ningemtaka huyo. Ana duka la bati, mkewe alifariki, watoto wake wamekua. Lakini baba yako mdogo ni mtu wa utaratibu. Kasema wa Ihanja aambiwe nafasi imeshikwa, kwa sababu huyu wa makaratasi ndiye aliyetangulia. Sasa chagua cha kuharibu."

Yasinta hakuchagua. Alimbeba Asnath, akafunga mbeleko, akatoka.

Njiani aliwaza jambo moja tu. Baba yake Asnath, siku aliyoondoka, hakumtukana wala hakumpiga. Alisema kwa sauti ya kawaida, huku anafunga begi, "Mimi wazee wenu walinilazimisha tu." Maneno hayo yalikuwa hayajatoka masikioni mwake. Na sasa kuna mwanaume mwingine ambaye amefungiwa sandukuni bila kujua, na ameshakula kuku.

*

Mashine ilikuwa imezimwa. Ndani ya maktaba mlikuwa na harufu mbili, mashudu na karatasi kuukuu, na Yasinta hakuwa na uhakika ni ipi aliyokuwa ameizoea zaidi. Chediel alikuwa juu ya ngazi, kitambaa begani. Alipomwona alishuka haraka mno kwa mtu wa umri wake, akafuta mikono mara mbili.

"Karibu, mama Asnath. Nilikuwa nakusubiri."

"Ulikuwa unanisubiri mimi au kitabu?"

Akacheka kidogo, akainama kumsalimia mtoto. Mwezi uliopita Asnath alichana kona ya ukurasa wa kitabu cha wanyama. Yasinta alitamani ardhi ipasuke. Chediel alileta gundi, akamshika mtoto kidole, wakabandika pamoja, halafu akamwambia, "Sasa hapa ni pako." Tangu siku hiyo Asnath akifika anaenda moja kwa moja kwenye mbao za chini. Leo pia alienda.

"Basi niambie," Chediel alisema, akivuta benchi. "Kwa nini chumvi?"

"Mito inaingia," Yasinta alijibu, na pamoja na yote yaliyomjaa kichwani alijisikia kuchangamka. "Inakuja na chumvi ya mawe, kidogo kidogo, huwezi hata kuionja. Lakini ziwa halina pa kutokea. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Kila mwaka inabaki."

Chediel aliitikia kwa kichwa, polepole. Macho yake yalikuwa yamemtulia usoni kuliko jibu lilivyohitaji. "Kilinichukua miaka hicho," alisema. "Wewe wiki mbili. Haya, kilete nikupe kingine."

"Hakiji."

"Kimepotea?"

"Hakijapotea. Kimepokelewa."

Alisubiri, akidhani ataendelea. Yasinta alikuwa anamtazama, anataka kuona uso wake utafanya nini wenyewe bila kusaidiwa.

"Kimepokelewa na nani?" Chediel aliuliza.

"Na baba mdogo. Kiko sandukuni, kimefungwa na kufuli."

"Anakisoma?"

"Amekihifadhi. Kaka Chediel, yule kuku aliyekuja naye Winfrida."

"Yule mwekundu. Ndiyo. Nilishukuru sana, nikasema hatimaye watu wameanza kuielewa maktaba."

"Mlimla?"

"Tulimla." Akasita. "Hakuwa wa kuliwa?"

"Alikuwa wa kuliwa. Ndiyo shida."

Akamweleza. Goti la Winfrida, mikono yake miwili, kitenge, kutodai. Alieleza akiwa ameangalia sakafu. Alipoinua macho, Chediel alikuwa ameshikilia ukingo wa benchi na masikio yake yamebadilika rangi.

"Mimi sikumwambia Winfrida apige goti," alisema.

"Najua."

"Wala avae za Jumapili."

"Najua, kaka."

"Yasinta, kile kitabu lazima kitoke." Alisimama, akaanza kutembea kati ya mbao. "Siku nafungua hapa niliwaambia watu hivi vitabu si vyangu tena, ni vya kila mtu. Walicheka, lakini nilisema. Sasa siwezi kukuposa kwa kitabu cha watu. Nikikuposa lazima iwe kwa kitu cha kwa—"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Yasinta aliyasikia na Chediel naye aliyasikia, kwa kuwa alisimama katikati ya chumba mkono mmoja hewani.

"Na kitenge?" Yasinta aliuliza kwa sauti ndogo. "Vya wenzangu vilifungwa kwenye sandarusi."

"Sandarusi ziliisha."

"Ziliisha."

"Ndiyo."

Zilikuwepo, zimekunjwa vizuri, juu ya dirisha nyuma ya bega lake. Yasinta aliziangalia. Chediel naye akageuka, akaziona, akaketi kama gunia lililokatwa kamba.

"Nilikinunua mnadani kabla ya mavuno," alisema. "Kikakaa. Kila ukija nasema leo nitampa, ukiondoka nakirudisha kabatini. Nikasema nitafungia kitabu, atakirudisha kitabu, halafu nitamwambia kitenge baki nacho. Ndiyo ilikuwa akili yangu yote. Mimi ni mtu wa kuweka vitu, Yasinta. Vinaingia kwangu, havitoki. Kama hilo ziwa lako."

"Umeshaanza maneno ya vitabuni."

"Sina mengine."

Walitazamana. Nje bodaboda ilipita ikipiga honi. Asnath alikuwa anajisimulia kitu kuhusu twiga. Yasinta alitamani kuinua mkono aiguse ile miwani yenye uzi. Badala yake akajikaza.

"Haya yote unayasema leo," alisema, "kwa sababu nimekuja nikakwambia umeshikwa. Mtu akishikwa anasema chochote. Mimi nilishawahi kuwa na mtu wa kushikwa. Sitaki mwingine."

Chediel hakujitetea. Hilo lilimshangaza. Aliinuka akachukua funguo za pikipiki msumarini.

"Tangulia nyumbani," alisema. "Nakuja kuchukua kitabu."

*

Zefania alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, redio mapajani. Alimtazama Chediel akiegesha pikipiki nje ya ua, akiingia peke yake, shati la kazini lenye madoa ya mafuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Mshenga hakupata nauli?"

"Kwa nililokuja nalo leo mshenga hahitajiki, baba. Limetokea kosa."

Dorika alipiga makofi mara moja. "Kosa. Kuku amemla, leo limekuwa kosa."

"Nilidhani ni asante, shangazi."

"Asante gani ina mapaja?"

"Dorika," Zefania alisema. Akapunguza sauti ya redio mpaka ikafa. "Mwache kijana aseme."

Chediel aliketi kwenye kigoda alichopewa, magoti yakakaribia kidevu. Alieleza vizuri, bila kuzunguka. Kwamba kitabu ni cha maktaba. Kwamba hata yeye mwenyewe akikichukua ni lazima akirudishe. Kwamba akikiacha pale kama kishika uchumba atakuwa amewaibia watu wa Ilongero wote, pamoja na mzee mwenyewe.

"Kwa hiyo hukutuma neno hapa kwangu," Zefania alisema.

Yasinta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alisogea hatua moja nje.

"Neno nilituma, baba," Chediel alijibu. "Nililiweka kwenye kitambaa. Ninyi mkalipokea kwenye kitabu."

Dorika alishika kiuno chake, akakifunika kitenge kwa viganja kama anayeogopa kuvuliwa hapo hapo.

Zefania alifikiri. "Sijaelewa vizuri. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Huyu mtoto unamtaka au humtaki?"

"Namtaka."

Hilo neno lilimpa Yasinta joto, na hapo hapo likampa hofu, kwa kuwa aliona jasho kwenye paji la uso la Chediel, na macho ya watu watatu yamemkodolea, na kigoda kile kile. Baba yake Asnath alikaa hapo hapo, akatoa jasho hilo hilo, akasema neno hilo hilo.

"Baba mdogo, naomba kusema," alisema.

"Sema, mwanangu."

"Kitabu kirudishwe."

Upepo ulipita kwenye minyaa. Dorika alisema kitu kwa Kinyaturu, chini chini, ambacho si cha kuandikwa.

"Unajua maana yake," Zefania alisema.

"Najua. Maana yake tumekataa."

"Na kesho wa Ihanja anakuja."

"Atakuta mlango wazi. Najua, baba mdogo." Alisogea mpaka mbele ya kiti chake. "Mimi sitaki mtu abaki kwangu kwa sababu kitu chake kiko sandukuni. Ninaye Asnath, na darasa la jioni siliachi. Anayenitaka ajue anachukua vyote hivyo, na ajue hakuna aliyemfunga. Kitabu kirudi, aende. Hata kuku hatumdai."

Hakuthubutu kumtazama Chediel. Alitazama viatu vyake vyenye mafuta, vilivyochakaa kwa mbele, vimetulia.

Zefania aliinuka kwa kushika magoti. Aliingia ndani, wakasikia kufuli, wakasikia kifuniko. Alikaa huko kidogo zaidi ya inavyohitajika kuchukua kitu kimoja. Alipotoka alikuwa amekishika kitabu kwa mikono miwili, na katikati ya kurasa kulikuwa na kijiti cha ufagio kimechomoza.

"Tumekurudishia," alisema. "Kuanzia sasa hatushikani."

"Nashukuru, baba."

Chediel alikipokea. Lakini mzee hakukiachia. Walisimama wote wawili wamekishika, kama watu wanaosaidiana kubeba kitu kizito.

"Hiki," Zefania alisema, akishusha sauti ili Dorika asisikie, naye Dorika akasogea ili asikie, "mtu yeyote anaweza kuazima?"

"Yeyote, baba."

"Hata mzee?"

"Hata mzee."

"Na hatoi kitu?"

"Hatoi kitu."

"Basi niazime mimi. Nimefika pale mito inaingia. Bado sijaona inatokea wapi."

Chediel aliachia mikono. Yasinta aliuma mdomo ili asicheke, maana alijua kwamba akicheka atalia. Dorika alimtazama mdogo wake kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Kumbe taa inawaka mpaka alfajiri, nasema mzee anasali," alisema.

Chediel aliaga kwa heshima, mzee kwanza, kisha shangazi. Alipofika kwa Yasinta alisema tu, "Kazi njema," kama anavyowaambia wateja wa mafuta. Akapita kwenye uwazi wa ua, mikono mitupu, hana kitabu, hana kitenge, hana sababu yoyote duniani ya kurudi pale.

Pikipiki iliwaka.

Yasinta alichukua ungo wa shangazi yake, akaanza kupeta uwele uliokwisha kupetwa, ili mikono ipate pa kukaa. Alijiambia kwamba hivi ndivyo alivyotaka. Alijiambia kwamba Antipasi ana bati, na bati halivuji. Alijiambia mambo mengine mawili matatu, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia.

"Nitaazima vikombe kwa mama Peniel kwa ajili ya wageni wa kesho," Dorika alianza. "Na soda, maana watu wa Ihanja hawanywi chai wakishakuwa na—"

Pikipiki ilizimika.

Haikuwa imefika mbali. Ilizimika palepale nje, upande wa pili wa minyaa. Zefania aliinua kichwa kutoka kwenye ukurasa. Kukawa na kimya cha mtu anayejifuta viatu kwa majani, anayejifunga vifungo vya shati, au labda anayesimama tu.

"Hodi hapa nyumbani," sauti ilisema. Ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mgeni anayefika kwa mara ya kwanza na safari yake mwenyewe.

Dorika alishika kiuno. "Sasa huyu naye amesahau nini tena?"

"Hajasahau kitu, shangazi." Yasinta aliweka ungo chini, akapangusa makapi kwenye nywele, kwenye mabega. Asnath alikuja akamshika pindo la sketi, naye akamshika mtoto mkono. "Usiitikie. Mwache apige ya pili."

Wakasubiri wote. Hata mzee aliweka kidole kwenye mstari, akasubiri.

Hodi ya pili ilikuja, ya chini kuliko ya kwanza, na aliyeikaribisha alikuwa Yasinta mwenyewe.